Watu Wote wa Congo na Mtumbwi wa Ilunga

Nakumbuka asubuhi moja pale Kashikishi, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, mwanangu, redio ya muuza chai ilipokuwa ikisoma idadi ya watu wa nchi zetu za jirani. Nilikuwa msichana bado, nasafisha samaki kando ya maji. Mimi na kaka yangu Ilunga tulikuwa tumevuka kutoka Pweto, ng'ambo ya Congo, wakati wa vita, na mama mmoja wa Nchelenge, Bana Kabwe, yaani Mama Kabwe, akatupokea kama watoto wa tumbo lake. Mwanawe, Kabwe, ndiye aliyekuwa mwenzake Ilunga ziwani. Mmoja anapiga kasia, mwingine anavuta wavu.

Redio iliposema Congo ina watu wengi kuipita Zambia kwa mbali, Ilunga alisimama akicheka.

"Munasikia? Na inchi yetu inameza Zambia mara tatu. Ninyi huku muko batu kidogo tu!"

Kabwe alikuwa ameinama anashona wavu. Akainuka polepole.

"Kama iko mukubwa vile, juu ya nini mulikimbia? Mulikosa nafasi?"

Mwanangu, neno lile lilitukata sote tuliotoka ng'ambo. Baba yetu tulimwacha kule bila kumzika. Ilunga aliokota kasia, akasukuma mtumbwi majini peke yake. Nilimwita, hakugeuka. Kabwe alianza kumfuata, kisha akasimama, maana wenzake walikuwa wanamtazama. Na kijana akitazamwa na wenzake, unajua mwenyewe. Mchana upepo mkali ulishuka, Mweru ikachafuka, na mtumbwi ule haukurudi.

Kabwe ndiye aliyemtafuta, kijiji kwa kijiji kuelekea Mununga, mpaka akamleta nyumbani amefungwa kitenge. Kaburi alilichimba yeye. Alikataa kumpa mtu jembe.

Kwenye msiba vijana wa Congo walikaa upande wao, wa Zambia upande wao. Bana Kabwe, mama mpole asiyezoea kusema mbele za watu, akasimama katikati.

"Bale batu bote ba Congo," alisema, "na batu bote ba Zambia. Hakukuwa hata mumoja ndani ya mutumbwi ya Ilunga."

Akakaa. Kabwe alifunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti, nami nikaenda kukaa karibu naye. Miaka ilipopita, ndiye aliyesimama kama kaka yangu siku ya ndoa yangu.

Juzi nimekusikia na wenzako, simu mkononi, mnapimana nchi: ipi pana, ipi ina watu wengi, ipi si kitu. Hesabu hizo jifunze, mwanangu, ni vizuri kuijua nchi yako na ya jirani. Ila usimpige nazo mtu usoni. Hujui alichoacha ng'ambo. Ukitukanwa asili yako, kasirika, lakini usiingie majini na hasira hiyo. Na kama wewe ndiye uliyesema neno baya, mfuate mwenzako saa ileile, wenzenu wacheke watakavyo. Mimi nimezeeka nikitamani Kabwe angeongeza hatua chache tu.

Mungu akupe mwenzako wa kweli popote utakapokwenda, upande huu wa maji au ule. Akurudishe nyumbani salama kila unapotoka, na mlango utakaoubisha ukiwa mgeni, aufungue mtu mwenye moyo kama wa Bana Kabwe. Amina.