Rimoti Isiyomtoa Mzee Nje

Nilipoacha kutafuta kazi ya ofisini na kuanza kufunga TV, ving'amuzi na sabufa kwenye nyumba za watu Tarime, kitu cha kwanza nilichokataa kuamini kilikuwa maandishi ya kwenye maboksi ya rimoti. Kila boksi linadai rimoti yake inaendesha kifaa chochote. Nani alijaribu? Alijaribia wapi, mahali ambapo umeme unakatika kama kwetu? Niliwasumbua wauzaji wa mjini hadi mmoja akaniambia kama ni utafiti nirudi chuo.

Sikurudi. Nilinunua za aina mbalimbali nikazijaribu mezani kwangu. Kwa mteja, rimoti nzuri ni inayong'aa. Kwa fundi, nzuri ni ile isiyomfanya apigiwe simu Jumapili, apande bodaboda kwenye vumbi lote lile, kisha afike na kubonyeza kitufe kimoja. Nilijua tayari kinachonirudisha kwa wateja: umeme. Ukikatika na kurudi, king'amuzi kinaamka chenyewe, TV inabaki imelala. Rimoti nyingi zina amri moja tu: kilicholala kinaamka, kilicho macho kinalala. Basi ukibonyeza, TV inaamka na king'amuzi kinalala. Ukibonyeza tena, vinabadilishana zamu. Lakini chache kati ya zile zilibeba amri mbili tofauti, ya kuwasha tu na ya kuzima tu. Siku nilipoligundua hilo niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu.

Muda mfupi baadaye likaja jaribio la kweli. Mwanamume mmoja wa kijiji cha Gorong'a alikuwa anamalizia nyumba ya wageni mjini Mugumu, na alisema fundi atakayemridhisha baba yake nyumbani ndiye atakayefunga vyumba vyote. Tulikuwa wawili, mimi na fundi kutoka Mwanza. Kazi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kuutaka mtihani wowote. Ningeipata, ningeacha kuitwa msomi anayecheza na nyaya.

Shida ya mzee ilikuwa hii. Katika mji wake, yaani boma lake lote, mtu pekee aliyejua kuinyoosha TV ilipogoma alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe mdogo. Na kwetu mkwe na baba mkwe huheshimiana kwa kukwepana; hawakai sebule moja. Kwa hiyo TV ikigoma, mzee huchukua fimbo yake na kwenda zizini. Mkwe huingia, hurekebisha, hutokea mlango wa jikoni. Ndipo mzee hurudi, na mara nyingi goli limeshafungwa.

Siku ya jaribio tulimwamkia mzee shikamoo, tukaanza. Rimoti ya mwenzangu ilikuwa ya kioo, ya kugusa, na kwa kweli ilipendeza. Alibonyeza mara moja kila kitu kikawaka. Kisha akaita kuelekea jikoni, "Shemeji, njoo ukae hapa karibu na mzee nikufundishe."

Masufuria yakanyamaza. Mama mwenye mji, mke wa mzee, akakohoa humo humo jikoni. Mzee akatazama dari kana kwamba limeanza kuvuja.

Nikaona nafasi yangu. Niliomba ruhusa ya kuzima meni swichi kisha niiwashe.

"Unataka kuunguza vitu vya watu?" akauliza mwenzangu.

"Umeme utakatika tu," nikamwambia. "Bora ukatike wakati sisi mafundi tupo."

Mzee akakubali kwa kichwa. Nikazima, nikasubiri kidogo, nikawasha. Taa ya king'amuzi ikawaka, TV ikabaki nyeusi. Mwenzangu akabonyeza: TV ikaamka, king'amuzi kikalala, skrini ikawa ya bluu tupu. Akabonyeza tena, vikabadilishana zamu. Jasho likaanza kumtoka. Mzee, kwa mazoea, alikuwa ameshashika fimbo yake na kuinuka.

"Mzee, kaa kidogo," nikasema, nikampa rimoti yangu, ya plastiki nyeusi, vitufe vikubwa anavyoweza kuvipapasa bila miwani. "Bonyeza hicho cha juu."

Akabonyeza. TV ikaamka. King'amuzi, ambacho kilikuwa macho tayari, hakikulala. Sabufa ikanguruma. Mtangazaji akaanza kuongea katikati ya sentensi. Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko ile sabufa.

Mzee aliigeuza rimoti mkononi. Alinituma nikazime swichi tena. Nikarudi mbio, akabonyeza mwenyewe. Akanituma tena. Mwenzangu naye alikuwa amesogea karibu, amesahau kwamba tunashindana, anataka kuona nyuma ya rimoti pana nini.

Jikoni tukasikia mkwe akimuuliza mama mkwe wake kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, "Mama, umeme umekatika mara zote hizo, mbona baba hajatoka nje?"

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaiegemeza fimbo ukutani na kutoa simu mfukoni.

"Nani alikuambia habari za mimi kwenda zizini, mura, kijana wangu?" akaniuliza huku akitafuta namba ya mwanawe.

"Niliuliza tu, mzee."

"Basi kaulize na Mugumu, chumba kwa chumba," akasema, akaweka simu sikioni.