Gauni la Kimisagara

Si kweli kwamba Bi Zaituni alivunja eda akaenda kutazama sanamu za Munyakazi. Wanaosema hivyo walikuwa huko wao wenyewe, wamepanga foleni mlangoni. Yeye alikuwa ndani kwake Biryogo, mwanamke aliyesoma ambaye mtaa mzima ulimletea barua awasomee, akirudia ukurasa mmoja wa kitabu bila kuumaliza.

Munyakazi alikuwa akishona pamoja na marehemu fundi Sefu, mumewe Bi Zaituni. Sefu alipofariki, Munyakazi alichonga watu wa mbao, akawavika nguo ambazo wateja hawakurudi kuzichukua: kanzu, suruali za harusi, hata koti la kasisi. Watu walishuka hadi karakana yake, mtaa wa Kimisagara, kwenda kucheka.

"Panafaa kweli, au ni upuuzi tu?" Bi Zaituni alimwuliza jirani yake, kama asiyejali.

"Shoga, iko moja ya mwanamke," alijibu Nyirarukundo, amejiziba mdomo kwa kitenge. "Gauni la hariri, rangi ya zambarau. Mkono wa fundi Sefu kabisa! Watu wanauliza, alimshonea nani?"

"Kwani mke wake hana mwili?"

"Basi ni lako. Utakwenda lini kulivaa?"

Tangu hapo nyumba haikukalika. Aliinuka, akaketi, akachungulia dirishani, akaigombeza chai kwa kupoa. Sefu hakuwahi kukosea kipimo. Gauni lenyewe lingesema. Lakini mwenye eda haendi kwenye maonyesho, na binti yake alikuwa ameposwa. Wakwe wasingeuliza kwa nini mama alitoka. Wangeuliza tu kama alitoka.

Eda ilipokwisha, aliteremka Kimisagara mchana kweupe, kila mwenye macho amwone. Aliyapita makoti bila kuyatazama. Akanyoosha mkono wake kando ya mkono wa gauni: ule wa gauni ulikipita mbali kifundo cha mkono wake. Kiunoni wangeingia Zaituni wawili.

"Ni la mteja, mama," Munyakazi alisema upesi. "Mteja wa Gahanga. Hakurudi."

"Sikukuuliza. Livue."

"Lakini watu wanakuja kwa ajili ya hilo..."

"Livue! Sefu hakumtangaza mteja wake barabarani."

Alirudi nalo kwapani, limefungwa kwa gazeti. Nyirarukundo alikuwa akimngoja mlangoni pake.

"Ee, Bi Zaituni! Kumbe panafaa?"

"Ni magogo. Usijichoshe."

"Na gauni ni la nani?"

"La mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Nimemaliza," alisema Bi Zaituni, akafunga mlango.