Kufuli la Ratiba ya Magari

Nilikuwa najitolea Mkuyuni, katika ofisi ya kampuni inayonunua sangara, nikisubiri mkataba ambao bosi alikuwa ameniahidi kwa mdomo. Kazi yangu ilikuwa seva, ile kompyuta moja inayotunza mafaili ya ofisi nzima. Niliandika orodha ya kompyuta zinazoruhusiwa kuingia. Nyingine zote zikataliwe. Nikaweka na kufuli: mtu akifungua faili ili aandike, wengine wanalisoma tu mpaka alifunge. Nilirudia kukagua mpangilio ule mpaka nikaanza kuutilia shaka hata pale ulipokuwa sahihi.

Faili lililogombaniwa lilikuwa ratiba ya magari ya barafu yanayofuata samaki mialoni, kule wavuvi wanakoshushia mzigo. Aliyeiandika alikuwa mama mmoja wa Bukoba, mkubwa kuliko sisi sote. Kila asubuhi alilifungua, kisha akaenda chai, benki, wakati mwingine msibani, akiliacha wazi vile vile. Kwake ilikuwa kama kutandika kitenge kwenye benchi la kanisa: nafasi ina mwenyewe.

"Mtaalamu!" dada wa mauzo aliniita, ofisi nzima isikie. "Hilo kufuli lako ni la benki? Mteja yuko kwenye simu, mimi naangalia ratiba kama televisheni!"

Ningeweza kumwambia mama afunge faili kabla ya kutoka. Lakini kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba mwanangu, umekunywa chai?" na ile sentensi niliyokuja nayo kutoka nyumbani Buhongwa ikaishia mdomoni. Nikiweka "tafadhali", ataona namkejeli? Nisipoweka, ataona namwamuru?

Dada akachoka, akaenda kwa bosi. Bosi akaja mezani kwangu.

"Toa hilo kufuli."

"Bosi, wawili wakiandika kwa pamoja, anayehifadhi mwisho anafuta kazi ya mwenzake."

"Hapa sisi ni familia. Nani amfute nani? Toa."

Nikatoa. Dada akaniletea maandazi.

Wiki iliyofuata mama aliongeza gari la mwalo mmoja, akahifadhi. Dada alikuwa amefungua faili hilo hilo kabla yake, na yeye akahifadhi baadaye. Mstari wa mama ukapotea kimya kimya. Gari halikwenda. Samaki wa watu wakashinda kwenye joto, jioni wakatupwa.

"Nani aliichezea seva?" bosi aliuliza kikaoni. Angeyakwepa macho yangu ningemwelewa. Alinitazama vizuri kabisa, kama mtu anayesubiri jibu.

"Bosi, wewe ndiye uliyesema..."

"Mimi nimesomea kompyuta?"

Watu wakacheka. Dada akawa anatafuta kitu kwenye pochi. Mama, aliyekuwa amekaa karibu nasi siku bosi aliposema nitoe kufuli, na kusikia kila neno, akainamia mikono yake.

Kesho yake seva iliikataa kompyuta yangu. Nilijua maana yake hata kabla bosi hajaniita kuniambia nisirudi tena: nilikuwa nimeondolewa kwenye orodha niliyoiandika mwenyewe. Mtu mwingine pekee aliyejua kuibadilisha alikuwa dada. Nilimfundisha mimi, ili nikiumwa kazi isisimame.

Juzi nimekutana na mama sokoni.

"Kufuli limerudi," akaniambia kwa furaha, kama ananiletea habari njema. "Dada yako kalirudisha. Amepewa mkataba, ndiye anaangalia seva sasa. Na mimi siku hizi nikitoka nafunga. Aliniambia tu, 'Mama, ukitoka funga.'"

"Alisema hivyo tu?"

"Hivyo tu. Kwani angesemaje?"

Nikambebea mfuko wake wa ndizi mpaka barabarani. Nilitaka kumuuliza kwa nini alinyamaza kikaoni. Hilo nalo bado napanga namna ya kulisema.