Magunia Matatu Kifuani mwa Baba

Harufu ya mabibo yaliyoanguka na kuanza kuchacha hunikamata popote nilipo. Kwetu Mkunya, juu ya uwanda wa Newala, msimu wa korosho ukifika harufu hiyo huingia ndani ya nyumba, kwenye nguo, na ungeapa kwamba imeingia hata kwenye maji ya kunywa. Maji yenyewe yalikuwa ya shida. Bomba lilikuwa juu kabisa ya kijiji, na nyumba yetu ilikuwa chini, mwisho wa mteremko mrefu wa mchanga mwekundu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa kwanza, na kazi ya maji ilikuwa yangu. Baba alinitengenezea toroli la mbao lenye magurudumu manne, la kubeba madumu sita, nami nikaringa nalo kijiji kizima.

Kulipandisha likiwa tupu ilikuwa kazi ndogo. Kulishusha likiwa limejaa kulikuwa na sharti lake. Baba alikata tawi la mkorosho lenye majani mengi, akalifunga kwa kamba nyuma ya toroli ili liburuzike mchangani na kupunguza mwendo, huku mimi nimeshika mpini kwa nyuma na kuuvuta. "Somoe, tawi lisikose," aliniambia, na Baba hakuwa mtu wa kurudia maneno. Msimu wa korosho alikuwa mpakiaji ghalani. Gunia la kilo themanini alilitupa begani huku akiendelea na mazungumzo yake, na sisi wanawe tulitembea vifua mbele kwa sababu hiyo.

Siku ninayoisimulia, vijana wa jando walikuwa wanatolewa kijiji jirani cha Mnyambe, na ngoma ilianza alasiri. Mama alikuwa ameniruhusu kwenda nikishaleta maji. Kwa haraka yangu nilikwisha kuvaa gauni la sikukuu, na tawi lilikuwa likinirushia vumbi jekundu. Nikalifungua na kulitupa kwenye mihogo. Laiti ningefanya hivyo bila kufikiri! Nilifikiri, tena sana. Nilikuwa nimeshawahi kulishusha toroli tupu mteremko uleule na kulizuia kwa mkono mmoja. Basi nikajiambia kwamba likijaa nitalizuia kwa mikono miwili, na mambo yatakuwa yaleyale.

Nilipoanza kuteremka nalo limejaa, hatua za kwanza lilinitii. Kisha mpini ukaanza kunivuta mabega, nikawa natembea haraka, nikawa nakimbia, mwisho mikono ikaachia. Chini, katikati ya njia, mdogo wangu Zainabu, wa miaka minne, alikuwa amekaa akijenga nyumba ya mchanga. Nikapiga kelele. Baba alitoka uani, akaona hakuna muda wa kumnyanyua mtoto, akasimama kati yake na toroli, akainama na kulipokea kwa mikono na kifua. Toroli likasimama palepale. Baba akaanguka, goti la kulia limegeuka upande usio wake. Zainabu alilia kwa sababu maji yalibomoa nyumba yake. Mama alipouliza kama kamba ya tawi imekatika, nilisema ndiyo, imekatika.

Goti lile halikurudi sawasawa. Baba hakubeba gunia tena msimu ule wala uliofuata, tukaishi kwa mihogo na korosho zetu chache. Kwenye baraza la muuza kahawa wenzake walimtania: "Baba Somoe, mtu wa magunia wewe, umepigwa mweleka na maji ya kunywa!" Alicheka pamoja nao. Lakini jioni moja nilimsikia akimwambia Mama, "Nguvu zimeniisha, Mama Somoe. Zamani toroli la mtoto ningelisimamisha kwa mkono mmoja." Nilimwonea Baba huruma, nikajiona mbaya, na bado nikanyamaza kwa woga.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa shule ya bweni upande wa Masasi. Mwalimu wa fizikia aliandika ubaoni kwamba kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Kani, alieleza, ni nguvu ya kusukuma au kuzuia, tungamo ni kilo za kitu, na mchapuko ni jinsi mwendo unavyobadilika kila sekunde, iwe kwa kuongezeka au kwa kupungua. Wenzangu walinakili, mimi nikaliona toroli. Madumu sita ya lita ishirini na mbao zake, kilo mia na hamsini. Mwendo wa mtu anayekimbia, mita nne kwa sekunde. Kusimama kwa robo sekunde, mchapuko kumi na sita. Nikazidisha, nikapata niutoni elfu mbili na mia nne, sawa na uzito wa kilo mia mbili na arobaini, magunia matatu ya korosho kwa mpigo mmoja. Toroli tupu lingekuwa sehemu ya tano tu ya hapo. Angelizuia taratibu, kani ingepungua, lakini nafasi ya kufanya taratibu alikuwa ameikalia Zainabu.

Likizo ilipofika nilimkuta Baba akianika korosho. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikaketi karibu yake na daftari. Nilimweleza yote pole pole, kwa magunia, maana namba tupu hakuzipenda. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na ningekuwa kijana?"

"Hata kijana angeanguka, Baba."

"Lakini tawi lilikuwepo. Lilipunguza mwendo kabla kamba haijakatika. Hilo umelihesabu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nililia kwanza, ndipo nikamwambia kwamba kamba haikukatika, nililifungua mwenyewe kwa ajili ya gauni. Baba aliendelea kugeuza korosho moja moja. Nilidhani atanifukuza pale.

"La tawi liache hapahapa," alisema mwishowe. "La magunia matatu nipe hilo daftari, nakwenda nalo barazani."

Siku hizi mabomba yamefika mpaka mtaa wetu wa chini, na watoto wa Mkunya hawajui kuteremsha toroli. Mimi nafundisha fizikia Masasi, na kanuni ile nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko jina langu. Baba tumemzika mwaka jana. Msibani Zainabu, ambaye sasa ana watoto watatu, aliwasimulia waombolezaji jinsi kamba ya tawi ilivyokatika na Baba akapokea magunia matatu kwa ajili yake. Watu walitikisa vichwa. Nami, mtu mzima mwenye mvi, niliinamisha kichwa kama siku ile ya kwanza. Baba alinisamehe kwa upande wake, lakini aliyekaa njiani hakuwa yeye. Zainabu husoma kila ninachoandika, husoma hadi neno la mwisho, kwa hiyo sasa amefika hapa.