Mateka Aliyenona

Blanketi jipya lina harufu yake, harufu ya sufu na dawa ya nondo na kitu kingine kama chuma kilicholowa, na mimi hadi leo nikiingia duka la nguo pale Runyenjes nikaikuta harufu hiyo, huwa natoka nje, nasimama barazani, najifanya natafuta simu kwenye mkoba. Wajukuu wangu wanadhani nina pumu. Sina pumu. Blanketi jipya la kwanza maishani mwangu nilipewa katika nyumba ya Chifu, nikiwa mateka, na nililipenda sana. Nililala nimelivuta hadi puani, joto linapanda kutoka miguuni, na usiku wa kwanza nilikuwa nimelala fofofo kabla mdogo wangu hajamaliza kulia.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, huku kwetu Embu, kwenye miteremko ya juu ambako mashamba yanakoma na msitu wa mlima unaanza. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetubomolea nyumba zetu na kutukusanya katika kijiji kimoja chenye vibanda vilivyobanana, kimezungushiwa handaki, na ndani ya handaki imesimikwa mianzi iliyochongwa ncha. Baba alikuwa msituni pamoja na wapiganaji. Huko aliitwa Jenerali, na watu wa kijijini walipomtaja walishusha sauti jinsi wanavyoishusha kanisani, kwa hiyo mimi na mdogo wangu Ngithi tulikuwa, kwa namna fulani, watoto wa mfalme. Watoto wa mfalme wenye kunywa uji mwepesi wa mtama na kulala juu ya magunia. Mama alitoka alfajiri kwenda kuchimba handaki kwa lazima, akarudi jioni mikono imepasuka, na lile shamba ambalo lingetulisha alikuwa haruhusiwi kulifikia. Njaa ya wakati ule sitaieleza sana. Wanaoijua wanaijua, na wasioijua hudhani ninatia chumvi.

Siku moja Chifu alikuja kijijini na afisa Mzungu. Chifu huyu alikuwa mtu wetu, wa ukoo wa bonde la pili, amesoma misheni, mrefu, mpole wa maneno, na upole huo ndio uliomfanya awe wa kuogopwa. Afisa alitaka mama akamatwe ili mumewe ashuke kumkomboa. Chifu akatikisa kichwa. "Mke hapana, bwana," alisema, nasi tumesimama pale pale. "Mwanamume anaweza kukaa miaka bila mke. Chukua huyu msichana. Huyu ni mama yake." Mzungu alinitazama, kasichana kenye funza miguuni na kaptura ya kurithi, akadhani anafanyiwa mzaha.

Haukuwa mzaha. Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake, na kwa watu wetu jina hilo si la kumbukumbu tu. Yule mtoto ndiye nyanya mwenyewe, hata kama nyanya angali hai. Mimi ni Wawira, kama nyanya alivyokuwa Wawira. Baba hakunipiga hata siku moja, maana nani atamnyanyulia mama yake mkono? Akirina asali, mimi ndiye niliyeonja kwanza. Tulikuwa na mchezo wetu wa kila jioni: nikimwita "baba" alijitia kiziwi, akaendelea kunoa panga lake, nikimwita "mwanangu, njoo ule," aliruka akaja mbio, akakaa chini kama mtoto aliyekuwa akisubiri kuitwa. Nyanya mwenyewe alifariki baba akiwa tayari msituni, kwa hiyo hakumzika, na kila mtu alijua jinsi jambo hilo lilivyomkaa rohoni. Chifu pia alijua. Mzungu alikuwa na ndege na mabomu, lakini hakujua mila zetu, na Chifu alizijua zote. Basi tukachukuliwa, mimi kwa ajili ya jina langu, na Ngithi kwa sababu alining'ang'ania shingoni na hakuna aliyeweza kumbandua.

Baadaye maishani nilifundisha historia, na kulikuwa na somo moja la Roma ya kale ambalo nililifundisha vibaya kila mwaka. Lilieleza jinsi mfalme aliyeshindwa vitani alivyolazimika kuwatoa watoto wake wapelekwe Roma, wakae huko kama rehani ya utii wa baba yao. Hawakufungwa minyororo. Walikaa katika nyumba za wakubwa, wakafundishwa Kilatini, wakavaa mavazi ya Kirumi, wakala vyakula vya Kirumi. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mdadisi kweli kweli, aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, hao watoto walikuwa wanataka kurudi kwao?" Nikamjibu kwamba bila shaka walitaka, kisha nikaanza kufuta ubao ingawa kipindi kilikuwa hakijaisha.

Nyumba ya Chifu ilikuwa na paa la mabati, sakafu ya mbao na mnara wa walinzi uani, na jioni daraja la mbao la kuvukia handaki lake lilivutwa ndani ili asiingie mtu. Mke wa Chifu, ambaye kila mtu alimwita Mama Chifu, hakuwa na mtoto wa kike. Alinitoa funza mwenyewe, kwa pini na mafuta ya taa, akiniambia hadithi ili nisilie. Alinishonea gauni la buluu lenye ukosi mweupe. Asubuhi kulikuwa na chai ya maziwa, maziwa yenyewe, siyo rangi ya maziwa, na viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Adhuhuri nilikwenda shule ya misheni pamoja na watoto wa hom gadi, wale askari weusi waliomlinda Chifu, na jioni alinifundisha kupiga pasi ya makaa. Nilikuwa hodari wa pasi. Niliipenda sifa aliyonipa kuliko hata chakula. Ngithi alikuwa kinyume changu kabisa. Aligoma kula mpaka alishwe kwa nguvu, aligoma kuvaa gauni, alikaa mlangoni na kale kashuka kake kachafu akiangalia upande wa kijijini. Mimi nilimwonea haya mbele ya wenyeji wetu. Naandika kama ilivyokuwa: dada yangu mdogo alikuwa akimlilia mama yetu, na mimi nilimwonea haya.

Mama aliruhusiwa kutuona siku za Jumapili, yeye akiwa ng'ambo ya handaki na sisi upande wa ndani. Alikuja na mzigo wa kuni mgongoni ili ionekane anapita tu. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imetokeza, na Ngithi alimwita kwa sauti iliyowafanya hata walinzi waangalie pembeni. Mimi nilisimama nyuma kidogo, nimevaa ukosi wangu mweupe. Mama alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatabasamu. "Umenona, Wawira," alisema. Sikujua kama ananisifu au ananilaumu, na badala ya kumjibu nilimwambia kwamba nimejua kusoma Kiswahili. Akasema vizuri, akarekebisha kamba ya mzigo kwenye paji la uso, akaenda zake. Jumapili iliyofuata nilisema ninaumwa na tumbo, nikabaki jikoni na Mama Chifu.

Halafu ukaja msimu ule ambao serikali ilitangaza kwamba mpiganaji atakayetoka msituni ameshika tawi bichi hatauawa. Ndege zilipita zikitangaza kwa kipaza sauti, na kweli wengine walianza kutoka. Walifungwa, walipigwa, lakini wengi wao walikuja kurudi makwao, wakazaa na kuzeeka. Moshi ulikuwa umeonekana kwenye mianzi ng'ambo ya mto, na Chifu alikuwa na hakika kwamba ni kundi la baba. Alinichukua asubuhi yenye ukungu hadi ukingoni mwa bonde, askari wakiwa nyuma yetu, akapiga goti ili macho yetu yalingane. "Sikiliza, mama," aliniambia, naye aliniita mama kwa heshima, akiwa rika la baba yangu. "Akitoka na tawi mkononi, hakuna atakayemgusa kwa risasi, nimeapa. Mtarudi nyumbani wote, wewe na mdogo wako na mama yenu. Mwite tu kama nyanya yako alivyokuwa akimwita." Akanipa tarumbeta ya bati ya kukuzia sauti, kubwa kiasi kwamba nililazimika kuishika kwa mikono miwili.

Katika maneno yote aliyosema, mimi nilisikia neno moja tu, nyumbani. Nyumbani ni kibanda kinachovuja. Nyumbani ni funza, uji usio na kitu, harufu ya watu wengi waliolala pamoja, na gauni langu likivuliwa apewe mtu mwingine. Sikufikiria uhuru. Sikufikiria ardhi, wala kiapo, wala kama Chifu ni msaliti au si msaliti. Hayo watu wameniwekea kichwani baadaye. Nilifikiria chai ya asubuhi. Nikainua ile tarumbeta nikaita, "Baba! Baba, toka! Baba!" Niliita kwa sauti kubwa ili nisije nikalaumiwa, lakini lile neno moja ambalo yeye angeliitikia sikulitamka. Mto ulikuwa umejaa, ukinguruma chini yetu. Mianzi haikutikisika. Chifu alingoja, akanitazama, akanipokonya tarumbeta polepole. Alijua kabisa kwamba nimeita vibaya, ila sababu aliikosea. "Kweli wewe ni wa Jenerali," alisema, na njia nzima ya kurudi alinishika mkono kama mtu mzima.

Mvua ndefu zilipokuja, baba alifariki huko huko kwenye baridi, kifua kimembana, bila risasi hata moja kumgusa. Hom gadi walirudi na koti lake wakatuonyesha. Mateka wa mtu aliyekufa hana kazi, kwa hiyo tukarudishwa kijijini kwa mama. Siku ile Mama Chifu alilia kwenye daraja, nami nililia pia, nikimlilia yeye, na watu waliotuona walisema, masikini, anamlilia babake.

Hadithi ya mtoto aliyekataa kumwita Jenerali aliianzisha Chifu mwenyewe, akiisimulia mezani kwake kwa mshangao na heshima. Walinzi wakaipeleka sokoni, na Uhuru ulipofika ilikuwa imekwisha kuwa kweli. Mama aliiamini. Alijinyima akanilisha kwa fahari, akiniachia mimi shingo ya kuku, akiwaambia wageni kwamba huyu ndiye. Sijaificha kweli, msije mkadhani hivyo. Nimeisema kwenye kikundi cha akina mama, nimeisema kanisani, nilimwambia mama mwenyewe kabla hajafa, akanipapasa mkono akasema nilikuwa mtoto na njaa imenichanganya. Hakuna anayetaka kuipokea. Kitu kimoja tu kimenisaidia kulala miaka hii yote, nacho ni mto. Nilijiambia kwamba siku ile ulikuwa umejaa, bonde ni pana, na huenda baba hakusikia chochote. Kwamba hata ningeita kwa ile sauti ya nyanya, maji yangeimeza.

Siku hizi pale palipokuwa na handaki kuna kahawa iliyonyooka kwa mistari, na mwenye shamba ni mjukuu wa Chifu, kijana mzuri ambaye huniletea ndizi. Mwaka huu sikukuu ya mashujaa ilifanyiwa kwenye uwanja wa shule, wakanikalisha jukwaani juu ya kiti chenye kitambaa, Ngithi pembeni yangu. Nilipopewa nafasi nilisema tena yale yale, kwamba niliita vibaya kwa sababu ya chai na viazi. Kijana aliyeongoza sherehe alicheka kwa furaha. "Mnaona shosho alivyo mnyenyekevu? Mpigieni makofi ya kilo!" Wakanipigia. Kisha akaitwa mzee mmoja ambaye sikuwa nimewahi kumwona, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alikuwa kijana kabisa katika kundi la baba. Alitoka msituni baada ya baba kufa, akafungwa, na alipoachiliwa akahamia Mitunguu kulima ndizi, asirudi huku hadi siku hiyo.

"Mimi nilikuwa na yeye hapo ng'ambo," alisema kwenye kipaza sauti. "Sauti tulisikia vizuri kabisa. Jenerali akasimama, akatoa kofia. Akatuambia, ngojeni, mama ataniita sasa hivi. Tawi alikuwa amekata, iko kwa mkono. Huyu akaita baba, baba. Jenerali akangoja, akangoja. Halafu akaweka hiyo tawi chini, akasema, mama amekataa nitoke. Mimi siwezi pita neno ya mama."

Uwanja mzima ulisimama. Akina mama walipiga vigelegele, na Ngithi, ambaye alikataa kula chakula cha nyumba ya Chifu, alinikumbatia huku akilia kwa fahari. Yule mzee alikuwa bado anaonyesha kwa mikono urefu wa lile tawi, nami nilikuwa naitazama ile mikono. Baba alinisikia. Alinisikia, akanitii.