Shati Jeupe

Mzee aliyekuwa akichochea makaa kwenye treni za moshi hakuwahi kusafiri na shati jeupe. Mkewe alishapiga marufuku, maana mfuaji ni yeye. Leo wamepanda treni ya umeme, naye amelivaa, jeupe pe, na viganja vyake vyenye sugu haviishi kulipangusa. Walipokaribia handaki, mkono ukaruka wenyewe kufunga dirisha, kumbe dirisha lenyewe halifunguki. Akafumba macho, akafunika kola kwa leso. Walipotokea kwenye mwanga akajikagua, akacheka mpaka akakohoa.

“Mama watoto, tazama, hakuna hata doa,” alisema kwa ile sauti yake ya kushindana na injini, behewa zima likageuka.

Mkewe aliigeuza kola taratibu, akatabasamu. “Nimeona, baba. Basi kuanzia leo utajifulia mwenyewe.”