Rula Anakagua Vyuo

Mume wangu mtaani wanamwita Rula. Kazi yake kuandika mabango: saluni, gereji, maduka ya dawa. Miaka thelathini sijamwona akipita kwenye bango la mtu mwingine bila kulitia kasoro. Hata msibani niliwahi kumkuta nyuma ya hema ameinamisha kichwa, watu wanamwonea huruma wakidhani analia, kumbe anakagua maandishi ya gari la maiti.

Basi kitinda mimba wetu alipomaliza shule na kusema anataka kusomea sanaa na ubunifu, nikajua nimepatikana. Vyuo vitatu vilimkubali. Ilibidi achague kimoja, na fomu irudi kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa ikiwa na sahihi ya baba yake, maana ndiye aliyeandikwa mdhamini. Ikipita saa hiyo, nafasi anapewa mwingine.

"Chuo hakichaguliwi kwenye makaratasi," akasema Rula. "Twende tukakione."

Jumatano tulikwenda cha kwanza, hatukuvuka hata lango. Rula alitoa uzi wake wa kupimia, akaunyoosha mbele ya bango. Mlinzi akamuuliza anapima nini.

"Nafasi kati ya herufi. Hapa lori linapita."

"Baba, darasa liko ndani," binti akasema.

"Mtu asiyeweza kuandika jina lake mwenyewe atakufundisha nini? Turudi."

Alhamisi, cha pili. Herufi zilinyooka, nikashusha pumzi. Lakini walikuwa wameweka nyekundu juu ya kijani, na Rula akafunika macho kama aliyerushiwa pilipili. Tukarudi nyumbani binti amenyamaza, na mimi nikiona mwanangu amenyamaza, sinyamazi.

"Mwamba ngozi huvutia kwake," nikampa vidonge vyake palepale njiani. "Sema tu unataka mtoto abaki akukorogee rangi."

Aliongeza mwendo tu. Rula mimi namjua, hujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Ijumaa tulifika chuo cha tatu saa nane na nusu mchana. Alilitazama bango amesimama, akalitazama amechuchumaa, akavuka barabara akalitazama kutoka upande wa pili. Mlinzi akamletea kiti.

"Haya, kasoro iko wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari mbaya.

Ndani tulikuta wanafunzi wanachora herufi kubwa kwenye meza ndefu, mikono imejaa rangi. Binti yetu akaenda kusalimia, na kufumba na kufumbua ameshika brashi ya mtu, anabishana, anacheka. Miezi sikuwa nimemsikia akicheka vile. Rula alimtazama mpaka nikamvuta shati twende ofisini, saa inakimbia.

Karani alisukuma fomu na kalamu. Rula akatia mkono wa kulia mfukoni.

"Mama watoto, saini wewe."

"Mdhamini ndiye anayesaini," karani akasema.

"Nimesahau miwani."

Miwani ilikuwa usoni kwake.

Nikauchomoa ule mkono mfukoni kama wa mtoto aliyeficha sukari. Ulikuwa unatetemeka. Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili, nao ukaendelea kutetemeka.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu," akasema, hanitazami. "Mistari yote anavuta binti yetu. Nilimwambia namfundisha. Akiondoka, mimi sina kazi tena."

"Baba, nilijua," binti akasema kutoka mlangoni, kumbe alikuwa ametufuata. "Ndiyo maana sikuwahi kukuuliza mbona somo haliishi."

Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema, na mimi nalala kitanda kimoja na mtu huyu! Nilitaka kumgombeza, nilitaka kulia, na nyuma yetu kulikuwa na foleni ya wazazi wanaokohoa.

"Naweza kungoja mwaka mmoja," binti akaanza, "nikaomba tena nafasi mwaka u—"

Rula alinyakua kalamu kabla hajamaliza. Alisaini polepole, ameuma mdomo, mkono wa kushoto umeukamata wa kulia kwenye kiwiko. Jasho lilimtoka. Sahihi ikaanzia ndani ya kisanduku, ikapanda, ikatoka, ikaenda kuishia katikati ya anwani ya chuo.

Karani akaigeuza fomu huku na huku. "Mzee, imetoka nje ya kisanduku. Chukua nyingine, ujaze upya."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita. Rula aliinamisha kichwa, akanyoosha mkono kupokea fomu nyingine. Nikausukuma mkono wake pembeni, nikaegemea meza ya yule karani.

"Mwanangu," nikamwambia, "hiyo ndiyo sahihi yake. Gonga muhuri."

Akanitazama mimi, akamtazama Rula, akagonga.